Hataza, Uvumbuzi na Tiba: Maneno Yaliyo Mipaka ya Sheria

Mfasiri huweza kukosea neno la kawaida na asimdhuru mtu. Akiandika "jengo" pahali pa "nyumba", msomaji atamwelewa na mambo yatakwenda. Lakini katika sheria yamo maneno ambayo ndiyo mpaka wenyewe: upande huu ni mali ya mtu mmoja, upande ule ni mali ya watu wote. Mfasiri akilikosea neno la namna hiyo huwa ameng'oa boriti ya mpaka na kuisimika katika shamba la jirani.

Makala haya yanakusudia kuyachambua maneno ya aina hiyo katika uwanja wa hataza, hususan hataza zinazohusu usanifu wa programu za kompyuta na njia za tiba. Haja ya kufanya hivyo si ndogo. Mali ya viwandani si jambo la Muungano, na kwa hiyo nchi yetu ina sheria mbili: Tanzania Bara inayo Sheria ya Usajili wa Hataza, Na. 1 ya 1987, na Zanzibar inayo Sheria ya Mali ya Viwandani, Na. 4 ya 2008. Zote mbili zilitungwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa Tanzania Bara. Hivyo kazi ya kuziandika sheria za namna hii kwa Kiswahili si jambo la kusubiriwa, bali ni kazi iliyokwisha kufika mlangoni.

Hataza na hakimiliki

Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ili aweze kuwazuia watu wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake bila ya idhini. Kwa mujibu wa mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa 1994 kuhusu haki za ubunifu, muda wa haki hiyo haupungui miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi. Badala ya haki hiyo, mvumbuzi hutakiwa aueleze uvumbuzi wake waziwazi, ili muda ukimalizika kila mtu aweze kuutumia. Masharti yake ni matatu: jambo lenyewe liwe jipya; liwe na hatua ya uvumbuzi, yaani lisiwe jambo ambalo fundi yeyote wa kazi hiyo angeliona bila ya taabu; na liweze kutumika katika uzalishaji.

Aghalabu magazeti yetu huandika "hakimiliki ya dawa" au "hakimiliki ya mashine". Matumizi hayo yanapotosha. Hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa: maneno ya kitabu, sauti za wimbo, mistari ya mchoro. Hailindi wazo lililomo ndani yake. Tena hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe bila ya kusajiliwa, ilhali hataza haipo mpaka itolewe na ofisi yenye mamlaka, na nguvu zake hukoma pale yanapokoma mamlaka ya sheria iliyoizaa. Mtumishi wa serikali anayeandika barua kuhusu "hakimiliki" ya mtambo huwa ameitaja sheria isiyohusika, na mwananchi anayemwandikia huenda akafuata ofisi isiyokuwa yake.

Uvumbuzi na ugunduzi

Sheria za hataza hutenga mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku sisi huyachanganya. Aliyetengeneza kitu ambacho hakikuwapo aweza kupewa hataza. Aliyekuta kitu kilichokuwapo tangu zamani, hata kama yeye ndiye wa kwanza kukiona, hapewi. La kwanza tunaliita uvumbuzi, na la pili ugunduzi.

Ugumu ni kwamba asili ya neno haikubaliani na kazi tuliyolipa. Kuvumbika ni kufukia kitu katika majivu au mchanga, kama mtu avumbikavyo muhogo jivuni. Kuvumbua ni kinyume chake: ni kukifukua kilichofichika. Kwa asili yake, basi, mvumbuzi ni mtu aliyefunua kitu kilichokuwapo, na vitabu vingi vya shule vilisema kwamba wasafiri fulani "walivumbua" maziwa na milima ambayo wenyeji waliishi kando yake miaka mingi. Wapo wanaopendekeza kwamba tuache "uvumbuzi" na tuchukue "ubunifu". Pendekezo hilo lina mantiki, lakini "ubunifu" limekwisha kubeba mzigo mwingine: hutumika kwa michoro na maumbo ya bidhaa, na tena kwa haki zote za aina hii kwa pamoja. Kwa kuwa istilahi ni makubaliano kabla ya kuwa asili, ni afadhali tushike mgawanyo uliokwisha kuzoeleka maofisini, nao ni uvumbuzi kwa kilichotengenezwa na ugunduzi kwa kilichokutwa. Jambo lisilosameheka ni kuyatumia maneno yote mawili kwa maana moja ndani ya waraka mmoja.

Mfano mzuri ni dawa ya malaria. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa China, miongoni mwao bibi Tu Youyou aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, walitoa katika mmea wa asili dutu iitwayo atemisinini. Dutu hiyo ilikuwamo ndani ya majani tangu hapo, na kujua kwamba imo ni ugunduzi. Lakini ile njia ya kuitoa kwa kutumia etha katika joto dogo, ili nguvu yake isiharibike, ilikuwa ni uvumbuzi. Wakati ule China haikuwa na sheria ya hataza. Sheria yake ilianza kutumika mwaka 1985. Msomaji ataona kwamba jani moja limebeba dhana mbili, na kila dhana ina hukumu yake.

Dawa, tiba na njia ya tiba

Katika mazungumzo ya Unguja mtu anayekwenda hospitali ya Mnazi Mmoja husema anakwenda "kutafuta dawa", hata kama atapasuliwa au atakandwa tu. "Dawa" hapo lina maana ya tiba yote. Ni matumizi mazuri ya lugha, lakini hayafai katika sheria, kwa sababu sheria huvitenga vitu vitatu: dutu inayotibu, chombo kinachotumika kutibu, na tendo la kutibu lenyewe.

Mkataba wa 1994 uliotajwa hapo juu unaziruhusu nchi kuzinyima hataza njia za kuchunguza maradhi, za kutibu na za kupasua binadamu au mnyama. Nchi nyingi zimefanya hivyo. Sababu yake inaeleweka kwa urahisi tukitazama kisa cha Marekani. Daktari Samuel Pallin alipewa hataza mwaka 1992 kwa namna ya kukata jicho lenye mtoto wa jicho hata jeraha lijifunge bila ya kushonwa. Baadaye alimshtaki daktari mwenzake, Jack Singer, kwa kutumia namna hiyo bila ya kulipa. Waganga wa nchi ile walitaharuki, kwani ikiwa kila mkato una mwenyewe, daktari atalazimika kuuliza wakili kabla ya kushika kisu. Mwaka 1996 mahakama iliyafuta madai yaliyokuwa yakigombaniwa, na mwaka huohuo Bunge la Marekani likaweka sheria ya kuwakinga madaktari na mashtaka ya namna hiyo.

Hapa ndipo kazi ya mfasiri inapokuwa nyeti. Mkataba wa Ulaya wa hataza unakataza hataza ya njia ya kumtibu mtu kwa dutu fulani, lakini unaruhusu hataza ya dutu hiyohiyo kwa ajili ya kutumika katika tiba. Tazama semi hizi mbili: "njia ya kutibu ugonjwa kwa dutu hii" na "dutu hii kwa ajili ya kutibu ugonjwa". Maneno ni karibu yaleyale, lakini nomino kuu ya usemi wa kwanza ni "njia", na ya usemi wa pili ni "dutu". Nomino kuu ndiyo inayodaiwa. Mfasiri anayependa kupamba sentensi kwa kuyageuza mafungu yake akaanza na lile linalomvutia sikio, aweza kuligeuza dai lililoruhusiwa likawa dai lililokatazwa.

Kuhusu dawa zenyewe, Zanzibar iliitumia nafasi ambayo mataifa yenye maendeleo duni zaidi yalipewa. Sheria ya 2008 iliziweka bidhaa za dawa na njia za kuzitengeneza nje ya hataza hadi tarehe 1 Januari, 2016, au hadi mwisho wa muda wowote utakaoongezwa. Na mwaka 2015 Shirika la Biashara Duniani liliongeza muda huo hadi tarehe 1 Januari, 2033. Faida ya kutofungwa na hataza si ya nadharia tu. Mwaka 2003 Zanzibar iliacha klorokwini na kuanza kutibu malaria kwa dawa mseto ya atesuneti na amodiakwini. Mwaka 2007 dawa hizo mbili zilipounganishwa katika kidonge kimoja, waliokitengeneza waliamua kutokiombea hataza, ili kiuzwe kwa bei nafuu na kiweze kutengenezwa na wengine.

Programu na usanifu wake

Sasa tuje katika kompyuta. Mkataba wa 1994 unazilinda programu kama kazi za maandishi, na maana yake ni kwamba programu ina hakimiliki kama kilivyo kitabu. Je, yaweza kuwa na hataza pia? Jibu linahitaji kutenganisha maandishi ya programu na usanifu wake.

Usanifu wa programu ni mpango wa mgawanyo wa kazi: sehemu ipi inapokea taarifa, ipi inazihifadhi, ipi inazituma, na zinavyoitana. Mfano wake tunao Mji Mkongwe. Nyumba ya mawe ina baraza nje, daka baada ya mlango, na ua katikati unaoleta mwanga na hewa. Kila sehemu ina kazi yake. Mchoro wa nyumba fulani una hakimiliki ya aliyeuchora. Wazo la kuweka ua katikati ni la wote. Lakini fundi akivumbua mchanganyiko mpya wa chokaa unaozuia chumvi isile ukuta, huyo anaweza kuomba hataza.

Hali ni hiyohiyo katika programu. Chukulia programu ya simu ya kuandikia taarifa za wajawazito wa Kizimkazi na Tumbatu. Fomu yenye maswali ya kumuuliza mama ni mpangilio tu wa taarifa, nao haupewi hataza. Lakini ikiwa sehemu zake zimesanifiwa kwa namna mpya inayoiwezesha simu kutuma taarifa nyingi kwa kutumia nguvu ndogo ya mtandao, huenda hapo pakawa na utatuzi wa tatizo la kiufundi, na mjadala wa hataza ukaanza. Mwaka 2014 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, katika kesi ya kampuni ya Alice na benki ya CLS, ilitamka kwamba wazo tupu haligeuki kuwa uvumbuzi kwa sababu tu limetiwa katika kompyuta ya kawaida. Miaka miwili kabla yake mahakama hiyohiyo ilisema mfano wa hayo kuhusu tiba: uhusiano wa kimaumbile baina ya kiasi cha dawa mwilini na nafuu ya mgonjwa haumilikiwi na mtu.

Mkataba wa Ulaya, uliotiwa saini Munich mwaka 1973, unazitoa programu za kompyuta katika orodha ya uvumbuzi, lakini unaongeza kizuizi cha maneno mawili madogo ya Kiingereza. Wengine huyafasiri "kama zilivyo". Tafsiri hiyo humfanya msomaji adhani kwamba ni programu ambazo hazijabadilishwa. Wengine huandika "peke yake", na msomaji akadhani kwamba programu ikitiwa katika mashine yoyote, basi kizuizi kimeondoka. Maana iliyokusudiwa ni kwamba kinachokataliwa ni dai ambalo halina lingine ila programu. Pendekezo letu ni "programu ya kompyuta inapodaiwa kwa kuwa ni programu tu". Ni refu, lakini urefu usio na shaka ni bora kuliko ufupi unaozaa kesi.

Mapendekezo

Kwa kuhitimisha, tunawapendekezea wafasiri, walimu na watumishi wa serikali istilahi zifuatazo:

Hataza: haki ya muda inayotolewa na dola juu ya uvumbuzi, kwa badala ya kuuelezea wazi.
Hakimiliki: haki juu ya namna kazi ilivyoelezwa, isiyohitaji kusajiliwa.
Uvumbuzi: kitu au njia mpya iliyotengenezwa na mtu ili kutatua tatizo la kiufundi.
Ugunduzi: kujua kwa mara ya kwanza jambo lililokuwapo.
Dai: usemi katika maombi ya hataza unaoweka mpaka wa kinachoombwa.
Dawa: dutu inayotibu au kukinga maradhi.
Njia ya tiba: tendo au mfululizo wa matendo ya kumtibu mgonjwa.
Usanifu wa programu: mpango wa sehemu za programu, kazi zake na uhusiano wake.

Wasomaji walio na maneno yanayofaa zaidi, hasa mafundi na waganga wanaoyatumia kila siku kazini, wanaombwa wayalete katika ukurasa huu yajadiliwe. Ni heri tubishane juu ya neno hapa kuliko kubishana juu yake mahakamani, ambako atakayelipa gharama ya kosa letu ni mgonjwa au fundi ambaye hakuwapo tulipokuwa tukichagua maneno.