Ruta yangu ilivyozima intaneti ya hosteli

Nianze kwa kukiri, maana kesi yenyewe imeshazeeka na aliyeumia alishanisamehe. Nikiwa mwaka wa pili, usiku mmoja intaneti ya ghorofa yetu ilivurugika saa chache kabla ya mwisho wa kupakia ripoti za mradi. Mwisho ulikuwa saa 5:59 usiku. Watu walitoka vyumbani na laptopu mkononi, huyu anauliza, yule analaani. Cha ajabu, wengine walikuwa wanapata vizuri tu, na jirani yao wa ukuta kwa ukuta hapati kitu.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wapo waliosema ni nyaya za baharini tena. Si unajua, tangu ile Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu kwa pamoja na nchi ikahangaika, intaneti ikikwama kidogo tu tunaisingizia bahari. Wengine wakasema chuo hakijalipa bili.

Mimi nilikuwa na bando na ripoti yangu nilishaipakia mapema, nikalala. Jirani yangu, vyumba vitatu kutoka changu, hakuwa na bando. Alipopata mtu wa kumrushia intaneti kwa simu, saa sita ilishapita na mfumo umeshafungwa.

Asubuhi fundi wa TEHAMA alikuja na laptopu yake. Hakuuliza mtu. Aliingia kwenye chumba kidogo cha mitambo mwisho wa korido, akakaa kama dakika kumi, akatoka, akaja moja kwa moja kugonga mlango wangu. Akaniambia, "Mdogo wangu, hebu nionyeshe ruta yako."

Makala hii inaeleza nilichokosea, na fundi alijuaje ni mimi. Ukivielewa hivyo viwili, umeshavielewa vifaa vya mtandao unavyokutana navyo kila siku.

Kisanduku kimoja, kazi nne

Tunaita kila kisanduku chenye antena "ruta", lakini ndani kuna kazi tofauti.

Ya kwanza ni ya modemu: inapokea mawimbi ya kampuni ya simu au mwanga wa faiba na kuyageuza kuwa data ambayo kompyuta inaielewa. Sio kila ruta ina modemu ndani.

Ya pili ni ya swichi: zile tundu nne za waya zinazofanana. Swichi inaunganisha vifaa vya mtandao mmoja. Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na anwani ya MAC, yenye tarakimu na herufi 12. Kila kifaa kinapotuma kitu, swichi inaandika kwenye daftari lake: anwani hii nimeiona tundu namba 7. Siku ikija barua ya anwani hiyo, inaipeleka tundu namba 7 tu. Kifaa cha zamani kinachoitwa habu hakikuwa na daftari, kilichoingia kilitupwa tundu zote.

Ya tatu ni ya kisambaza waifai. Hiki hakina mengi, kinawaingiza wasio na waya kwenye mtandao uleule wa wenye waya.

Ya nne ndiyo ya ruta yenyewe: kuunganisha mtandao mmoja na mwingine. Ruta ni lango. Ndani ya lango vifaa hutumia anwani za IP za ndani, zile zinazoanza na 10, au 192.168, au 172.16 hadi 172.31. Anwani hizi hazitembei kwenye intaneti ya nje, ndiyo maana chumba chako na cha binamu yako Mwanza vyote vinaweza kuwa na 192.168.0.5 bila ugomvi. Ukitoka nje, ruta inaweka anwani yake badala ya yako, inakumbuka nani aliomba nini, majibu yakirudi inayagawa. Bila ujanja huu tungeshaishiwa zamani, kwa sababu anwani za IPv4 zote duniani ni kama bilioni 4.3.

Nani anagawa anwani?

Hapa ndipo nilipoharibu. Ukijiunga na mtandao, kifaa chako hakijui kitumie anwani gani. Kwa hiyo kinapiga kelele kwa wote: "Jamani, kuna mgawaji hapa?" Mgawaji, yaani seva ya DHCP, anajibu: chukua anwani hii, lango ni hili, na majina ya tovuti ukaulize kule. Kifaa kinakubali, mgawaji anathibitisha, na anwani inatolewa kwa muda maalumu, kama pango la chumba.

Kosa la utaratibu huu ni kwamba kifaa hakiombi kitambulisho. Mara nyingi ofa ya kwanza kufika ndiyo inayochukuliwa.

Sasa, mimi nilinunua ruta ndogo ya mtumba Kariakoo baada ya bumu kuingia. Nikachomeka waya kwenye soketi ya ukutani, upande wa pili nikauingiza kwenye tundu lolote la ruta lililokuwa wazi. Simu ikaona waifai, ikaunganishwa, lakini intaneti hakuna. Nikasema soketi hii imekufa. Nikaiacha imechomekwa, nikarudi kwenye bando langu.

Kumbe soketi ilikuwa nzima. Tundu lile lilikuwa la ndani, la swichi, na ruta za nyumbani hutoka kiwandani zikiwa zimewashwa DHCP. Kwa hiyo nilikuwa nimeingiza mgawaji wa pili kwenye ghorofa nzima. Laptopu ya jirani ilipoomba anwani, ruta yangu ilijibu haraka kuliko seva ya chuo: chukua 192.168.0.14, lango ni mimi, 192.168.0.1. Lango lenyewe halikuwa limeunganishwa kokote. Waliokuwa na anwani za chuo ambazo muda wake haujaisha waliendelea kupeta. Waliowasha upya laptopu kutafuta ahueni, ndio walioangukia kwangu.

Na fundi alinijuaje? Alichomeka laptopu yake, akapewa anwani ya 192.168 wakati mtandao wa chuo unatumia 10. Akaandika amri ya arp -a kuona anwani ya MAC ya hilo lango la uongo. Kisha akaiuliza swichi: hii umeiona tundu gani? Daftari likajibu, na tundu lile lilikuwa na lebo ya chumba changu. Swichi kubwa zina uwezo wa kukataa ofa za DHCP kutoka tundu zisizoaminika. Fundi alisema za ghorofa yetu hazikuwa zimepangwa hivyo, akazipanga siku ileile.

Jinsi ya kuifunga vizuri

Kwanza, uliza kama sheria za hosteli yako zinaruhusu ruta binafsi. Pengine haziruhusu, na sasa unajua sababu.

Kama inaruhusiwa, tazama nyuma ya ruta. Tundu moja lina rangi tofauti au limeandikwa WAN. Waya wa ukutani uingie hapo tu. Hapo ruta yako inachukua anwani moja kutoka chuoni, inawagawia wa ndani yako, na ugawaji wake hauvuki kwenda kwa majirani.

Kwa waliopanga mtaani, mnaotaka ruta ya pili iongeze waifai chumba cha nyuma, njia ni nyingine. Unganisha laptopu na hiyo ruta ya pili peke yake, fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Zima DHCP. Badilisha anwani yake isigongane na ruta kuu: kama kuu ni 192.168.0.1, hii ipe 192.168.0.2, na uhakikishe ruta kuu haitamgawia mwingine namba hiyo. Ndipo uziunganishe kwa waya, tundu la ndani kwa tundu la ndani. Mgawaji anabaki mmoja.

Ukiwa humo ndani ya mipangilio, malizia haya:

1. Badilisha nywila ya msimamizi. Ile ya kiwandani iko kwenye kibandiko, na kwa ruta nyingi inafahamika na kila mtu.

2. Kwenye usalama wa waifai chagua WPA3, au WPA2 kama vifaa vyako ni vya zamani. WEP usiiguse, ilishavunjwa kitambo.

3. Zima WPS, ile ya kuunganisha kwa PIN.

4. Kwa masafa ya 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. 5 GHz ina kasi zaidi lakini ukuta wa tofali unaishinda mapema.

5. Sasisha programu ya ruta yenyewe.

Kuhusu waya: kebo ya kawaida ya shaba isizidi mita 100. Na usichomeke ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi moja. Ujumbe wa "jamani, kuna mtu hapa?" utazunguka humo bila kikomo hadi mtandao ulemae. Mwaka 1985 mhandisi Mmarekani Radia Perlman alibuni utaratibu wa swichi kugundua duara kama hilo na kulifunga, lakini swichi nyingi za bei rahisi hazina.

Kabla hujalaumu bahari

Siku nyingine intaneti ikigoma, panda ngazi hii kwa mpangilio. Kwenye Windows fungua dirisha la amri.

Andika ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, hukupata mgawaji yeyote: tazama waya, au waifai. Ukiona anwani isiyofanana na ya wenzako wenye intaneti, kuna mgawaji wa uongo kama nilivyokuwa mimi. Andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Unaweza kubahatika kupata ya kweli. Ila mwite fundi.

Anwani ikiwa sawa, andika ping na anwani ya lango lako. Lango lisipojibu, tatizo mara nyingi liko kati yako na ruta. Likijibu, andika ping 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje. Hiyo isipojibu, tatizo huenda liko mbele ya ruta, kwa chuo au kwa kampuni. Ikijibu lakini tovuti hazifunguki kwa jina, shida ni ya DNS, kile kitabu cha kutafsiri majina kuwa namba. Hapo kubadilisha DNS kwenye mipangilio huweza kutosha.

Ngazi hii inachukua dakika mbili. Angekuwepo mtu mmoja ghorofani anayeijua usiku ule, angeona 192.168 ileile kwa kila aliyekwama, na wangenigongea mlango saa nne usiku badala ya asubuhi.

Fundi alipomaliza kunieleza, nilimwomba aniandikie maelezo, nikaenda na jirani kwa mhadhiri wake. Mhadhiri alisoma, akaipokea ripoti, lakini akamkata alama za kuchelewa. Alisema kazi ya wiki sita haipakiwi dakika ya mwisho. Jirani alipita, hakula supu. Tulipotoka aliniambia tu, "Poa kaka, yameisha." Lakini alama zile zilikatwa kwake, hazikukatwa kwangu.

Ruta ninayo hadi leo. Lile tundu la WAN nimelizungushia gundi ya karatasi nyekundu, na zile nne za ndani nimeziziba.