Marekani: Nyumba yenye magurudumu, lakini pa kuisimamisha hakuna

Tarehe 12 mwezi wa kumi mwaka 2016, mfanyakazi mmoja wa usafi katika uwanja wa michezo wa Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, alikuwa kazini usiku. Aliporudi pale alipoacha gari lake, hakulikuta. Mji ulikuwa umelivuta na kulipeleka uwanja wanakofungia magari yaliyokamatwa.

Kwa mtu mwingine, hiyo ingekuwa hasara ya gari tu. Kwake, mwanaume aliyepita miaka 50, pikap hiyo aina ya GMC ya mwaka 2000 ndiyo ilikuwa nyumba. Humo ndimo alimokuwa akilala, na humo ndimo alimoweka nguo zake na vyombo vyake vya kazi. Kosa lake lilikuwa kuiacha kwenye kiwanja cha mji kwa zaidi ya masaa 72. Gari lilikuwa limeanza kusumbua tangu mwezi wa saba. Askari walipomwambia aliondoe, aliwajibu kwamba anaishi ndani yake.

Kwa siku 21 alilala nje, chini. Ili kupata tena gari lake, ilimbidi akubali kulipa dola 547, akitoa dola 50 kila mwezi. Baadaye aliupeleka mji mahakamani, na kesi ikaendelea kwa miaka kadhaa. Swali lake lilikuwa jepesi kuuliza lakini gumu kujibu: gari ambalo mtu analala ndani yake kila siku, ni gari au ni nyumba?

Swali hilo linawagusa Wamarekani wengi wanaoishi mwaka mzima ndani ya magari. Si kama madereva wa malori wanaongoja kuvuka Kasumbalesa, ambao nao hulala ndani ya kabini siku nyingi lakini wana nyumba na familia zinazowangoja. Hawa wakizima injini, wamefika nyumbani.

Waliochagua na waliolazimika

Kwenye mitandao ya kijamii, maisha haya yanaonekana matamu. Mwaka 2011, mpiga picha Foster Huntington aliacha kazi yake New York, akahamia ndani ya gari na kuanza kuweka picha zake chini ya alama ya #vanlife. Tangu hapo mamilioni ya picha zimefuata: mlango wa nyuma umefunguliwa, kitanda kimetandikwa vizuri, bahari iko mbele. Magari kama Mercedes Sprinter au Ford Transit, yaliyotengenezwa kwa kubeba mizigo, yanageuzwa kuwa vyumba vyenye jiko, kabati na friji. Jipya la aina hiyo, likishatengenezwa ndani, linafika makumi ya maelfu ya dola. Mwenye nalo mara nyingi ana kazi anayoifanya kwa kompyuta, na akichoka anaweza kupanga nyumba.

Lakini kuna upande mwingine. Mwaka 1995, Bob Wells, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la vyakula huko Anchorage, jimbo la Alaska, aliachana na mke wake. Mshahara wake haukutosha kutunza watoto na kulipia chumba kwa wakati mmoja. Alinunua gari la mizigo kuukuu na kuhamia ndani. Mwenyewe amesimulia kwamba siku za kwanza alilia usiku. Miaka kumi baadaye, mwaka 2005, alifungua tovuti ya kuwafundisha wengine namna ya kuishi hivyo kwa pesa kidogo, na leo ndiye anayejulikana zaidi kati ya Wamarekani wanaoishi maisha haya.

Baada ya mgogoro wa uchumi wa mwaka 2008, watu wengi walipoteza nyumba walizokuwa wakizilipia benki. Wengine walikuwa wazee ambao pensheni yao haikutosha tena kulipa pango. Mwandishi wa habari Jessica Bruder alisafiri na wazee wa namna hiyo, akaandika kitabu Nomadland kilichotoka mwaka 2017. Filamu iliyotokana nacho, ya Chloé Zhao, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Baadhi ya wanaoonekana humo si waigizaji, bali ni watu wanaoishi kweli ndani ya magari. Bob Wells ni mmoja wao.

Msomaji wa Lubumbashi, Goma au Bukavu anaijua garanti, yale malipo ya miezi kadhaa yanayotakiwa kabla ya kupewa ufunguo wa nyumba. Marekani nako mwenye nyumba anataka pesa ya mwanzo. Juu ya hiyo anachunguza kama mpangaji ana madeni, na wengi wanataka kuona mshahara unaofika mara tatu ya pango. Aliyewahi kushindwa kulipa anaweza kukataliwa hata akiwa na kazi. Gari kuukuu halimuulizi mtu mambo hayo.

Maisha ndani ya mita chache

Gari la aina hiyo lina urefu wa karibu mita sita, na ndani upana haufiki mita mbili. Kitanda kinajengwa juu ya masanduku ili vitu vikae chini yake. Juu ya paa panawekwa sahani za nishati ya jua zinazochaji batiri ya pili, tofauti na ile ya injini, kwa ajili ya taa, simu na friji ndogo. Maji yanabebwa kwenye mabidoni. Chakula kinapikwa kwenye jiko dogo la gesi. Choo, kwa wengi, ni ndoo yenye kifuniko.

Kuoga kunahitaji hesabu. Wengi wanalipia kila mwezi ukumbi wa mazoezi ya mwili, si kwa ajili ya mazoezi bali kwa ajili ya bafu. Wakati wa baridi, pumzi ya mtu inageuka maji kwenye vioo na kuta, na magodoro yanaota ukungu. Anayewasha jiko ili kupata joto huku amefunga madirisha anahatarisha maisha yake, maana moshi wa gesi ya kaboni hauna harufu na unaua mtu akiwa usingizini. Ndiyo maana wengi wanafuata majira: wakati wa baridi wanashuka majangwa ya kusini, wakati wa joto wanapanda milimani na kaskazini.

Kazi pia zinafuata majira. Kuna wanaolinda na kusafisha kambi za watalii kwenye misitu ya serikali. Vuli wengine wanaenda North Dakota na Minnesota kuvuna viazi-sukari vya kutengenezea sukari. Kampuni ya Amazon ilianza mwaka 2008 kuajiri wasafiri wa namna hiyo kwa miezi ya kabla ya Noeli, wapange na kufunga bidhaa kwenye maghala yake.

Tatizo moja ambalo halionekani kwenye picha ni anwani. Bila anwani, mtu hapati leseni ya kuendesha, bima ya gari wala barua za pensheni. Kwa hiyo wengi wamejiandikisha South Dakota, Texas au Florida, majimbo yenye kampuni zinazopokea barua za wateja na kuwatumia popote walipo. South Dakota imempa leseni msafiri anayeonyesha risiti ya kulala jimboni usiku mmoja tu.

Kisha kuna injini. Kwa mwenye nyumba ya matofali, gari likiharibika anapanda basi. Kwa anayeishi ndani yake, fundi akilichukua kwa siku tatu, amechukua pia kitanda, jiko na nguo, na gereji nyingi haziruhusu mtu kulala humo.

Siku 14, kisha hama

Sehemu kubwa ya ardhi ya magharibi mwa Marekani ni mali ya serikali kuu, na huko mtu anaweza kupiga kambi bila kulipa. Kawaida ni siku 14, kisha anapaswa kuhama. Karibu na Quartzsite, mji mdogo katika jangwa la Arizona, utaratibu ni tofauti kidogo: kwa miaka mingi kibali cha dola 180 kimemruhusu mtu kukaa tangu tarehe 15 mwezi wa tisa hadi tarehe 15 mwezi wa nne. Hakuna nyumba ya bei hiyo.

Hapo ndipo Bob Wells alipoitisha mkutano wa kwanza wa wanaoishi ndani ya magari. Walikuja watu makumi tu. Miaka michache baadaye walikuwa maelfu. Wanafundishana kuunganisha sahani za jua, kupata kazi za msimu, na kulala mjini bila kugongewa dirisha na polisi.

Somo hilo la mwisho ndilo linaloonyesha mahali tatizo lilipo. Jangwani hakuna mshahara, hakuna hospitali kubwa, wala shule ya watoto. Mwenye kazi mjini hana budi kulala mjini, na mjini ndiko sheria inakomngoja.

Sheria inaliona gari, haioni nyumba

Mwaka 1985, Mahakama Kuu ya Marekani ilihukumu kesi iliyotoka San Diego, ambako polisi walipekua gari la kulala bila kibali cha hakimu. Nyumba ya kawaida hawawezi kuingia hivyo. Majaji walio wengi walisema gari hilo, hata kama lina kitanda na jiko, linaweza kuondoka wakati wowote, kwa hiyo linatazamwa kama gari. Hukumu hiyo ingali inatumika.

Miji nayo ina sheria zake. Los Angeles ilikuwa na sheria ya mwaka 1983 iliyokataza kutumia gari kama makao. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa iliifuta, ikisema haieleweki: dereva hawezi kujua kama blanketi moja kwenye kiti inatosha kumtia hatiani. Mwaka 2017 mji ulileta sheria nyingine iliyokataza kulala ndani ya magari usiku kwenye mitaa ya makazi, na wakati wote karibu na shule na bustani.

Tarehe 28 mwezi wa sita mwaka 2024, Mahakama Kuu ilihukumu kesi ya Grants Pass, mji mdogo wa Oregon. Kwa kura sita dhidi ya tatu, majaji walisema mji unaweza kumtoza faini mtu anayelala mahali pa umma, hata kama hana pengine pa kulala. Huko faini ilikuwa inaanzia dola 295. Sheria za mji huo ziligusa pia waliolala ndani ya magari.

Wakaaji wa mitaa hiyo nao wana malalamiko yao. Magari mabovu yanakaa majuma mahali pamoja, takataka zinarundikana, maji machafu yanamwagwa barabarani, na wateja wa maduka wanakosa pa kuegesha. Mji usioitikia malalamiko hayo unajitafutia matatizo na walipa kodi wake.

Mji wa Santa Barbara, California, ulijaribu njia nyingine tangu mwaka 2004. Makanisa, mashirika na ofisi za umma zinatoa viwanja vyao vya kuegesha magari usiku. Aliyeandikishwa anaingia jioni, anatoka asubuhi. Wahudumu wanamsaidia kutafuta kazi na chumba. Miji mingine ya magharibi imeiga mpango huo, lakini nafasi ni chache kuliko watu.

Hukumu ya Seattle

Tarehe 12 mwezi wa nane mwaka 2021, karibu miaka mitano baada ya pikap kuvutwa, mahakama ya juu ya jimbo la Washington ilitoa uamuzi kuhusu mfanyakazi yule wa usafi. Majaji walisema kwamba sheria ya jimbo inayolinda makao ya mtu haihusu nyumba za matofali na mbao peke yake. Mtu akiishi ndani ya gari, gari hilo ni makao yake. Tena walisema kumdai dola 547 mtu ambaye hana uwezo, kwa kosa la kuegesha, kulipita kiasi kinachoruhusiwa na katiba. Mji ulipaswa kwanza kutazama uwezo wake wa kulipa.

Mahakama haikusema kwamba anaweza kukaa popote anapotaka. Mji umebaki na haki ya kuvuta magari, na kanuni ya masaa 72 haikufutwa. Hukumu hiyo pia inafunga jimbo la Washington peke yake. Mwenye gari aliye ng'ambo ya mpaka, huko Oregon, hawezi kuidai kama haki yake.

Kwa hiyo anayeishi ndani ya gari huko Seattle leo anajua kwamba mbele ya sheria ya jimbo ana makao, na kwamba mji hauwezi kumtoza bila kuuliza hali yake. Ila kila siku tatu lazima awashe injini na kusogea hadi mtaa mwingine. Ambaye injini yake imekufa bado yuko pale alipokuwa mfanyakazi yule, mwezi wa kumi mwaka 2016.