Gari la Umeme Nyumbani (3): Waya Kwanza, Chaja Baadaye

Sehemu mbili zilizopita zilihusu betri na namna ya kulikagua gari lililotumika kabla ya kulilipia. Leo tuingie uani, mahali gari litakapolala na kujazwa umeme. Wengi wanaoagiza Nissan Leaf kutoka Japani hufika dukani Kariakoo na swali moja tu: chaja kubwa kuliko zote bei gani? Muuzaji mwenye kisanduku cha kilowati 22, chenye kioo na taa za rangi, hana sababu ya kuwakatisha tamaa. Mimi ninayo. Kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam, fedha hiyo ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye waya, erthi na breka.

Tuanze na jambo ambalo muuzaji halisemi. Betri hupokea umeme wa DC, nao TANESCO hutuletea AC. Mtambo wa kugeuza AC kuwa DC umo ndani ya gari, umefungwa kiwandani. Kisanduku cha ukutani hakigeuzi chochote. Ndani yake mna swichi nzito inayounganisha na kukata umeme, kinga kadhaa, na sakiti ndogo ya kuzungumza na gari. Kazi yake ni ya bawabu: hafungui mlango mpaka ajue nani amefika, na akishafungua husema ni wangapi wanaruhusiwa kuingia.

Mazungumzo hayo ni ya kupendeza kwa anayeyajua. Kisanduku hupeleka kwenye waya mmoja mwembamba mawimbi ya mraba, kama 1,000 kwa sekunde, yanayopanda hadi volti 12 na kushuka hadi volti 12 hasi. Gari likichomekwa, huivuta ile volti ya juu mpaka 9. Likiwa tayari kupokea, huishusha mpaka 6, na hapo ndipo swichi inapojifunga na umeme kupita. Upana wa kila wimbi hutaja kiwango: asilimia 10 maana yake ni ampea 6, asilimia 50 ni ampea 30. Gari hulisoma hilo na kuchukua kiasi hicho au pungufu yake, kamwe si zaidi. Kwa hiyo kiwango cha chini kati ya kisanduku na mtambo wa ndani ya gari ndicho kinachotawala. Leaf nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina mtambo wa kilowati 3 na ushei. Chache zina ule wa 6. Ukiifungia Leaf ya kilowati 3 kisanduku cha 22, itachukua 3 zilezile ambazo ingezipata kwenye kisanduku cha bei ya chini kabisa. Tena kilowati 22 zinahitaji umeme wa fezi tatu, na nyumba ya kawaida imeunganishwa fezi moja.

Je, unahitaji kiasi gani? Chukua mtu anayekaa Mbezi na kufanya kazi Posta. Kwenda na kurudi, pamoja na kupitia sokoni, tuseme kilomita 50. Leaf hutumia kama uniti 16 au 17 kwa kilomita 100, na sehemu ya umeme hupotea njiani kama joto, hivyo mita itahesabu uniti 9 au 10. Kwa ampea 10 tu, yaani kilowati 2.3, saa nne zinatosha. Mtu huyu anafika nyumbani saa mbili usiku na kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Ana saa tisa. Kisanduku cha ampea 16 kinamtosha na kubaki, hata siku akirudi amechoka na betri imechoka zaidi. Mwenye Leaf mpya zaidi ya kilowati-saa 40, anayesafiri mara kwa mara kwenda Morogoro, ndiye wa kufikiria ampea 32, na hata yeye aangalie kwanza kama gari lake lina ule mtambo wa kilowati 6. Kwa mtambo wa 3, betri hiyo hujaa kwa saa 16 kutoka sifuri. Kwa wa 6, saa 8.

Kabla ya kununua, angalia tundu la gari. Leaf ya Kijapani ina mawili mbele: kubwa ni CHAdeMO, la vituo vya chaji ya haraka, halituhusu nyumbani; dogo lenye pini tano ni Taipu 1. Magari ya Ulaya hutumia Taipu 2 yenye pini saba. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China lenyewe yana tundu la GB/T, nalo lina nafasi saba na kwa macho linafanana sana na Taipu 2, ila upande wenye pini na upande wenye matundu vimebadilishana. Mtu akinunua kwa kuangalia picha ya simu anaweza kujikuta na kebo isiyoingia. Ushauri wangu ni kisanduku chenye soketi ya Taipu 2 kisicho na kebo ya kudumu. Kebo unaichagua kufuata gari, na ukibadili gari unabadili kebo peke yake.

Sasa tufike kwenye plagi, maana hapa ndipo moto unapoanzia. Leaf nyingi hushuka bandarini na kebo yake ya Japani, iliyotengenezwa kwa volti 200 na ampea 15, yenye plagi isiyoingia kwenye soketi zetu. Fundi wa jirani hukata kichwa, akafunga plagi ya pini tatu ya kawaida, na gari linachaji. Linachaji kweli, kwa wiki kadhaa. Plagi ile ya pini tatu za mraba imepimwa kwa ampea 13, tena kwa vitu vya kuwaka na kuzimika, kama birika au pasi. Hapa inaombwa kubeba 15 kwa saa sita mfululizo, usiku, watu wamelala. Joto katika kiungo hukua kwa mraba wa mkondo: ampea 15 hutoa joto mara mbili na robo ya lile la ampea 10, mahali palepale, kwenye kichuma kilekile kilicholegea. Plastiki hugeuka rangi ya chai, kisha hulainika, na kichuma kikizidi kulegea joto huzidi kupanda. Wapo wanaotatua tatizo la fyuzi kuungua kwa kuweka kipande cha waya badala yake. Hao ningependa kuwaomba walale sebuleni karibu na mlango.

Kama ni lazima utumie soketi kwa muda, tumia kebo iliyotengenezwa kwa plagi hiyo na kupangwa ampea 10 au chini yake, kwenye soketi mpya ya chapa inayoaminika, iliyovutiwa waya wake yenyewe kutoka kwenye breka. Ekstensheni usiitaje kabisa. Na friji gadi, ile kinga ya volti ya friji, haina kazi hapa. Haikutengenezwa kwa mzigo huu.

Nyumba nayo ina kikomo chake. Soma kwenye mita ya Luku. Utakuta maandishi kama 5(60)A, yaani mwisho wake ni ampea 60. Hesabu ya jioni moja: kisanduku cha ampea 32, shawa ya kuchemsha maji papo hapo ampea 23 hivi, jiko la umeme la sahani mbili 15, kiyoyozi 6. Jumla 76. Breka kuu itakatika, na kama mtu aliiweka kubwa kupita kiasi ili isikatike, basi waya wa kutoka nguzoni ndio utakaochemka. Kisanduku cha 16 kinarudisha jumla hiyo kwenye 60 kamili, nayo bado iko ukingoni mno. Saa ya kuchelewesha chaji mpaka saa tano usiku inalimaliza tatizo bila kununua chochote. Leaf ina saa hiyo ndani yake. Bahati mbaya menyu ni za Kijapani na wengi hawazigusi, ingawa simu yenye kamera ya kutafsiri inatosha kuzisoma.

Upande wa bei, anayefurahia kundi la D1, la shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, asahau. Gari pekee litakula zaidi ya 200. Kundi linalofuata, T1, ni shilingi 292, na ukiongeza VAT pamoja na tozo za REA na EWURA inafika 356 na senti. Zile kilomita 50 za Mbezi na Posta ni kama shilingi 3,500 kwa siku. Anayejua anachoacha kituo cha mafuta kwa siku moja hatahitaji kushawishiwa zaidi. Jirani zetu wa Kenya wamekwenda hatua nyingine: mwaka 2023 mamlaka yao ya nishati, EPRA, iliweka bei ya pekee ya kuchajia vyombo vya umeme, shilingi 16 za Kenya kwa uniti na nusu yake nyakati za mahitaji madogo, kabla ya kodi na tozo. Mantiki iko wazi kwa nchi yenye mvuke wa Olkaria unaotoka ardhini usiku na mchana, wakati wateja wengi wamezima taa. Sisi bei ya uniti ya nyumbani ni ileile saa mbili usiku na saa tisa usiku. Sioni kwa nini iendelee hivyo.

Kebo ya kutoka kwenye bodi ya breka hadi kwenye maegesho ichaguliwe kwa umbali pia, si kwa ampea peke yake. Waya wa milimita 2.5 za mraba, ukibeba ampea 16 kwa mita 30, hupoteza volti 8 na nusu njiani. Jioni umeme wa mtaani ukiwa tayari umeshuka, gari huanza kukataa. Kwa ampea 16 mimi huandika milimita 4, na kwa 32 milimita 6, au 10 ikiwa geti liko mbali. Tofauti ya bei kati ya 4 na 6 ni ndogo kiasi kwamba afadhali kuvuta 6 leo hata kama kisanduku ni cha 16. Kuchimba upya uwanja uliokwisha wekwa pavingi ni gharama kuliko shaba. Waya uwe wa shaba kweli. Sokoni upo wa alumini iliyopakwa rangi ya shaba: ukwaruze kwa kisu, utauona weupe wake.

Erthi ndiyo habari ndefu, na ndiyo inayopuuzwa. Kisanduku kizuri hupima erthi kabla ya kufungua, na kikiikosa huwasha taa nyekundu na kugoma. Nyumba nyingi za zamani zina chuma kilichopigwa ardhini miaka mingi iliyopita, kikaliwa na chumvi ya pwani, katika mchanga unaokauka kuanzia Juni. Fundi anayeshindwa kuelewa ile taa nyekundu ana dawa yake: anaunganisha erthi na nyutro ndani ya soketi. Taa inageuka kijani, mteja anafurahi. Siku waya wa nyutro ukikatika barabarani, kwa tawi la mwembe au lori refu, umeme utatafuta njia kupitia mwili wa gari. Bodi lote la gari litakuwa na volti 230 au karibu nazo, nalo limesimama juu ya matairi ya mpira yasiyoupeleka ardhini. Wa kwanza kuupeleka ni atakayeshika kitasa cha mlango akiwa miguu mitupu, kwenye majani yenye umande. Dawa halali ni rodi mpya ya shaba, moja au mbili zilizounganishwa, kisha kipimo. Usikubali neno la mdomo. Mwambie fundi akuonyeshe namba kwenye mita yake. Ikiwa chini ya omu 200 kinga itafanya kazi bila wasiwasi. Zaidi ya hapo, udongo ukikauka usishangae namba ikibadilika.

Kinga yenyewe ni RCD ya miliampea 30, inayokata umeme unaovuja kabla moyo haujadhurika. Ziko aina kadhaa na kwa macho zinafanana, isipokuwa mchoro mdogo usoni. Yenye wimbi moja tu la kawaida ni taipu AC, na ndiyo iliyojaa madukani. Kwa gari haifai, kwa sababu mtambo wa ndani unaweza kuvujisha DC, na DC hiyo huilemaza RCD isikate hata pale inapotakiwa. Tafuta taipu A, ambayo chini ya wimbi ina vilima vilivyokatwa nusu, pamoja na kisanduku ambacho chenyewe hukata kikihisi DC ya miliampea 6. Kipengele hicho huandikwa kwenye karatasi ya bidhaa. Kisipoandikwa, chukulia hakipo, na hapo unahitaji RCD ya taipu B, ambayo bei yake inaweza kukushtua. Ongeza na kinga ya mawimbi ya ghafla kwenye bodi, maana umeme wetu ukirudi baada ya kukatika hurudi na hasira.

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, au EPRA kwa walio Kenya, na akuachie karatasi ya vipimo: erthi, insulesheni, muda wa RCD kukata. Usiku wa kwanza, chaji ikiwa imeendelea kwa saa moja, weka kiganja kwenye kifuniko cha breka na kwenye kichwa cha kebo. Uvuguvugu ni wa kawaida. Kikikuunguza mkono, zima na umwite arudi kukaza viungo kabla hujamlipa salio.

Waliopanga na wanaoishi ghorofani wana tatizo la aina nyingine: mita iko kwa mwenye nyumba, maegesho ni ya wote, na uniti zinabishaniwa. Hao tutawashughulikia Jumapili ijayo, pamoja na habari ya mita ndogo ya kuhesabia gari peke yake.

Itaendelea