Kipa wa pili: mtazame kabla wengine hawajamwona

RUMONGE. Mwezi unapoandama hadi kuwa mpevu, wavuvi wa taa katika ufukwe huu hupumzisha mitumbwi, maana ndagala hawaifuati taa wakati ziwa lote limekuwa jeupe. Mfanyabiashara aliyekuja kununua samaki hana la kufanya ila kungoja. Ukijikuta katika siku kama hizo, iwe Minago, Rumonge mjini, Kizuka au Nyanza-Lac, nenda kiwanjani jioni ukatazame mpira wa vijana.

Wengi watamtazama mfungaji. Wewe mtafute kijana aliyevaa glovu na kukaa nje ya chaki: kipa wa pili.

Sababu ni ya kibiashara kabisa. Beki wa akiba ana nafasi nne za kugombea. Kiungo wa akiba huingizwa dakika ya 70, watu wakamwona. Kipa ana nafasi moja tu, na mwenyewe akiwa mzima, wa pili anaweza kumaliza msimu mzima bila kudaka mpira wa mashindano. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini kilichofichwa nyuma ya duka hakijiuzi. Kijana huyo bei yake iko chini kwa kuwa hakuna aliyemwona, na hapo ndipo mwenye jicho hupata faida.

Mfano mzuri unaziunganisha pande zote mbili za mpaka wetu. Msimu wa 2018/19, klabu ya KMC ya Kinondoni, Dar es Salaam, ilikuwa na Jonathan Nahimana wa Burundi na Juma Kaseja wa Tanzania. Wote ni makipa. Kila KMC ilipoingia uwanjani, angalau mmoja wao hakuwa langoni.

Sasa tazama mwaka 2019 ulivyokwenda. Machi 23, Burundi ilitoka sare ya 1-1 na Gabon mjini Bujumbura na kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Mwezi Juni, huko Misri, Nahimana alisimama langoni mwa Intamba mu Rugamba. Timu ilifungwa 1-0 na Nigeria, 1-0 na Madagascar na 2-0 na Guinea. Ilitolewa, lakini haikudhalilishwa.

Kaseja naye alikuwa na miaka 34, na wengi walishamweka kwenye kundi la wastaafu. Akaitwa tena Taifa Stars. Agosti 4 mjini Nairobi, Tanzania iliitoa Kenya kwa penalti 4-1 katika kufuzu CHAN, Kaseja akiwa langoni. Mwezi uliofuata, katika kufuzu Kombe la Dunia, Tanzania na Burundi zilitoka sare ya 1-1 Bujumbura, kisha 1-1 tena Dar es Salaam. Penalti zikaamua: Tanzania 3, Burundi 0. Kipa aliyedhaniwa amekwisha ndiye aliyewarudisha Warundi nyumbani.

Funzo la kwanza ni kwamba umri wa kipa hauhesabiwi kama wa winga. Winga wa miaka 24 asiye na namba ana haki ya kuhofu. Kipa wa umri huo anaweza kuwa ndiyo kwanza anaanza.

Funzo la pili ni la tahadhari, nalo limetoka Simba. Aprili 2023, Aishi Manula aliumia. Ally Salim, kijana aliyekuwa nyuma kwenye foleni ya makipa, akasukumwa langoni. Aprili 16 Simba iliifunga Yanga 2-0 yeye akidaka. Akacheza robo fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Wydad Casablanca, ambayo Simba ilitolewa kwa penalti. Agosti 13, katika fainali ya Ngao ya Jamii pale Mkwakwani, Tanga, alipangua penalti tatu za Yanga na Simba ikabeba ngao. Mji mzima uliimba jina lake. Hata hivyo, msimu huo langoni Simba ilimleta Ayoub Lakred kutoka Morocco, na mwaka 2024 ikamsajili Moussa Camara wa Guinea.

Maana yake ni hii: siku moja kubwa inaonyesha moyo wa mchezaji. Kwa klabu kumkabidhi lango kwa miaka mitano, inataka kuona mengine zaidi.

Jambo hili halipo kwenye soka peke yake. Katika mpira wa Kimarekani kuna kwotabeki, mpangaji wa mashambulizi, ambaye naye timu humchezesha mmoja tu. Mwaka 2000 Tom Brady alichaguliwa wa 199 katika mgawo wa wachezaji wapya, akakaa nyuma ya Drew Bledsoe. Septemba 2001 Bledsoe aliumia, Brady akaingia. Alibaki New England hadi msimu wa 2019 na kutwaa mataji sita na timu hiyo, kisha la saba na Tampa Bay. Majeraha ya mwenzake yalimfungulia mlango. Kazi aliyoifanya akiwa benchi ndiyo iliyomweka ndani.

Basi utamjuaje wa kudumu? Fika mapema, kabla ya mechi. Mtazame akipasha misuli na kipa wa kwanza: anafanya kazi kama atakayecheza, au anasindikiza? Kipindi cha kwanza msikilize. Kipa mzuri wa akiba huona hatari akiwa nje na kuipigia kelele kabla beki hajashtuka. Akipata nafasi ya kucheza, usihesabu mipira aliyoruka tu. Angalia anasimama wapi, kwa kuwa aliyesimama pazuri haruki sana. Krosi anaifuata au anabaki mstarini? Mpira wa mguuni anautoa kwa mwenzake au anaupiga popote? La mwisho, akifungwa goli la kizembe, subiri dakika kumi zinazofuata. Hapo ndipo utajua kama kichwa chake kimetulia. Kisha rudi tena siku nyingine, na nyingine. Mawese hayanunuliwi kwa kuangalia kopo la juu tu.

Sasa tuje kwenye fedha na karatasi, maana ndipo vijana wa ufukwe huu wanapoweza kupotea. Kanuni za FIFA haziruhusu uhamisho wa kimataifa kwa aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache. Anayekuja kwa mzazi na kusema atamvusha mtoto wa miaka 15 kwenda Kigoma au Dar es Salaam akasajiliwe haraka, aulizwe maswali. Na hata aliyetimiza umri hachezi ng'ambo mpaka hati yake ya uhamisho wa kimataifa itoke shirikisho moja kwenda jingine. Kuvuka Mugina kwa kitambulisho hakumfanyi kuwa mchezaji halali.

Kwa wale mnaochangia jezi na mipira ya timu za mitaani, hakikisheni timu imesajiliwa na kila mchezaji ameandikwa rasmi, msimu kwa msimu. Mchezaji mwenye mkataba akiuzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu kuanzia miaka 16 una thamani ya nusu asilimia ya bei. Akiuzwa dola 20,000, klabu iliyomlea misimu miwili ya umri huo inastahili dola 200. Si utajiri, lakini ni nyavu na mipira ya mwaka. Isiyo na daftari haipati hata senti, na kipa wa pili ndiye anayesahaulika kwa urahisi zaidi kwenye daftari hilo.

Kwa hiyo ukienda kiwanjani, mtafute katibu wa timu umuulize kama jina la kijana yule wa benchi limeandikwa. Likiwa halipo, liandikwe kabla boti yako haijaondoka.