Makonyo si Mashudu



Baadhi yenu mwauliza: Kilwa na Lindi ni nchi ya ufuta, na mashudu ya ufuta ni chakula cha ng'ombe na kuku, mbona sisi makonyo yetu tusiyape mifugo?

Mashudu ni chakula hasa. Ufuta ukishakamuliwa, zaidi ya theluthi ya kinachobaki huwa protini, na ndani yake mna lignani, zenye kuzuia mafuta yasichache upesi. Makonyo ni vijiti. Nguvu yake ni eujenoli, ile iletayo harufu ya karafuu. Nayo huzuia kuchacha, tena sana, lakini ni kali: mafuta ya karafuu yakinywewa kwa wingi hudhuru ini. Ndiyo maana wataalamu wakitia unga wa karafuu katika chakula cha kuku hutia chembe tu, kama mpishi atiavyo kiungo.

Mwenye kumwaga pakacha zima bandani (mbuzi mwenyewe atanusa aondoke) ametupa fedha, kwani makonyo hupikwa kwa mvuke yakatoa mafuta, kama ifanywavyo kiwandani Wawi, Pemba. Basi yaanikeni mbali na karafuu, yakauke barabara. Yaliyoota ukungu asipewe mnyama yeyote, na mashudu yenye ukungu vilevile.