Kila sinia lina mtu wake

Mwezi mwandamo hutafutwa magharibi, na kwa mtu wa Tanga magharibi ni upande wa milima ya Usambara, si baharini. Ndiyo maana kila jioni ya Ramadhani ishirini na tisa babu mdogo wa ukoo wetu huipa bahari kisogo, akasimama mwisho wa mtaa na kukodoa macho kuelekea Muheza. Redio anayo, simu anayo, na wajukuu wa kumsomea tangazo la Mufti wako ubavuni mwake. Yote hayo kwake ni habari za watu. Mwezi ni mpaka auone kwa macho yake. Kaka yake, kwa upande wa pili, anafuata mwezi wa Makka. Kwa hiyo iko miaka ambayo nyumba yetu moja huwa na Idd mbili: huyu anakula vileja chumbani kwa staha, yule bado amefunga barazani, na hakuna anayemfungia mwenzake mlango.

Nyumba hiyo iko Ngamiani, mjini Tanga, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma. Idd inapowadia hujaa watu wa Pangani, Muheza, Dar es Salaam, Mombasa na, nauli ikipatikana, Maskati.

Hujaa pia joto. Idd el-Fitr hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2000 ilikuja mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mwaka 2024 iliangukia Aprili 10, na 2025 Machi 31. Machi na Aprili ndiyo miezi mizito ya pwani: kaskazi imechoka, kusi haijashika, masika yananukia tu. Feni husukuma joto kutoka pembe hii hadi ile, na umeme ukikatika vyumbani hakukaliki. Wote hutoka. Wazee barazani, akina mama uani, vijana ukumbini, juu ya sakafu ya saruji ambayo ndiyo pekee yenye ubaridi. Naamini joto hili limetulea. Penye baridi, ndugu mwenye mambo yake anaweza kuachwa chumbani na mlango ukarudishwa. Hapa kila mtu yuko mbele ya kila mtu tangu alfajiri mpaka watu walale, na mwenye tabia zake ataonekana nazo.

Chukua shangazi mkubwa. Zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, hata cha mtoto mchanga, na inatakiwa imfikie anayestahili kabla ya swala ya Idd. Siku hizi watu hupima kwa kilo. Shangazi hataki kusikia habari za mzani. Ana kibaba cha bati alichorithi kwa mama yake, na vibaba vinne ndiyo pishi. Usiku wa kuamkia Idd huketi uani na gunia la mchele akiita majina yetu mmoja mmoja kwa sauti, na kila jina huenda na pishi yake. Huwaita na walio mbali, na yule ambaye hajapiga simu tangu Idd iliyopita. Ukimkatiza huanza upya, ndiyo maana watoto humkatiza makusudi. Lakini ndiye pekee katika ukoo anayejua, bila karatasi, tuko wangapi, nani kaongezeka na nani katutoka.

Au mjomba wa Pangani. Mtume alikuwa akienda kuswali Idd kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, na wengi wetu huifuata sunna hiyo kwa kukata mtaa wa pili. Mjomba huifuata kwa ukamilifu: hurudi kupitia kila nyumba aliyowahi kula ndani yake. Hufika saa nane mchana, kanzu imelowa, mifuko imejaa visheti, pilau imeshapoa. Hufika pia na habari za nani anaumwa, nani kahama, nani kafiwa kimyakimya. Ziara zetu za Idd ya pili na ya tatu hupangwa kwa habari zake.

Pilau hupikwa kwa kuni uani, hupaliwa makaa juu ya mfuniko, na kila mwaka huja na ubishi wake wa viazi viwemo au visiwemo. Ubishi huo nauacha. Jambo kubwa liko kwenye masinia. Bibi ndiye anayepanga nani ale na nani, na hapangi ovyo. Waliogombania shamba la minazi huwekwa sinia moja. Adabu ya sinia ni kula upande wako na kumsogezea mwenzako kinono, kwa hiyo wale wawili, wasiosemeshana tangu mirathi, hujikuta wakisukumiana kipande kilekile cha nyama, kila mmoja akikataa kuwa wa kwanza kukichukua. Nimewaona wakianza kuzungumza hivyo, kwa neno moja: "Kula."

Bibi mwenyewe ndiye kituko kikubwa kuliko wote. Wajukuu zake wa kiume wote ni waume zake, na mmoja wao akioa, mkewe ni mke mwenza. Idd iliyopita binamu yangu alimleta mkewe kutoka Bukoba kwa mara ya kwanza. Binti wa watu kapiga goti, kasema shikamoo, na kabla hajainuka Bibi keshamgeukia mjukuu wake:

"Mume wangu, ndiyo umefika? Mkono wangu wa Idd uko wapi, au vyote umempa huyu mke mdogo?"

Yule binti akabaki ameshika kanga aliyomletea, macho yakitafuta mahali pa kwenda. Wifi yake akamnong'oneza: "Mjibu." Akauliza amjibu nini. "Chochote. Ukinyamaza atadhani humtaki." Kikapita kimya kidogo, kisha akasema, "Bibi, pole sana. Zamu yako imekwisha, sasa ni yangu." Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko. Bibi akainuka, akamshika mkono, akamketisha kwenye sinia lake mwenyewe. Kuanzia hapo hakuna aliyemwita mgeni.

Utani wa namna hii una mipaka ambayo hatufundishwi kwa maneno. Bibi na mjukuu, ruhusa. Shemeji kwa shemeji, ruhusa, mabinamu pia. Mkwe kwa mama mkwe, hapana, hapo ni heshima tupu. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi miaka mingi Amani, juu ya milima ileile anayoitazama babu mdogo, alivutwa na jambo hili kiasi cha kuandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940. Hakuhitaji kwenda mbali. Mkonge ulifika nchini 1893, na mashamba yake yakaleta Tanga watu wa kila pembe, ndiyo maana koo nyingi za hapa zina shemeji Mnyamwezi au Mmakonde. Wanyamwezi walikuwa watani wa makabila kadhaa ya pwani tangu enzi za misafara. Shemeji yetu Mnyamwezi akiingia, matusi ya heri huanzia mlangoni, na hata mzee mkali kuliko wote huruhusiwa kucheka.

Na yuko binamu yetu asiyesema. Aliugua akili ujanani na hajapona. Siku ya Idd hukaa penye kizingiti na kupanga viatu vyote vinavyovuliwa barazani, kila jozi pamoja, kubwa kwa ndogo, makubadhi mbali na ndara. Watoto wetu hufunzwa kumwambia "asante, kaka" wanapochukua vyao, na yeye huitikia kwa kichwa. Nafasi yake katika sinia la babu mdogo haijawahi kukaliwa na mtu mwingine.

Huyo ndiye ninayemfikiria kila nikisikia ndugu wakipendekeza mwaka ujao tukodi ukumbi wa sherehe. Hoja zao nazijua na nyingine ni za haki: akina mama hukesha jikoni kwenye joto, asubuhi wanasinzia wakati wengine wanakula. Lakini ukumbi una saa zake na una orodha, na orodha ikizidi watu, wa kwanza kukatwa ni hawahawa. Shangazi atasumbua wahudumu. Mjomba atachelewa. Binamu hataelewa viatu vimekwenda wapi. Kama shida ni mzigo wa akina mama, dawa ni sisi wanaume kushika mwiko na gunzi la kusugulia sufuria. Nalisema hili kwa uzito wote.

Alasiri ya Idd iliyopita watoto walishapata mikono yao na kukimbilia viwanja vya Tangamano. Barazani ukazuka ubishi mpya: Idd ya Kuchinja ni miezi miwili na siku tisa hivi mbele, na mjomba anataka iwe Pangani, kwa sababu kwake kuna upepo wa mto na wa bahari. Shemeji akauliza nani atalipa nauli ya watu wote hao. Shangazi akawa anahesabu mbuzi mmoja atatosha masinia mangapi, akakatizwa, akaanza upya. Hawakuafikiana. Mimi na binamu wawili tukaondoka tukawaacha wakibishana, tukaenda uani kuosha vyombo.