Simiti yenye majivu si wizi, tatizo ni maji

Mwezi wa Rajabu uliopita kipande cha slebu kilianguka chumbani kwa mjomba wangu, Likoni, kikatua juu ya kitanda wanacholala wajukuu. Alhamdulillahi, watoto walikuwa madrasa. Nyumba yenyewe haijatimiza miaka 20. Mjomba akanionyesha nondo zilizobaki juu: zimevimba kwa kutu.

"Simiti ya siku hizi imetiwa majivu," akaniambia. "Wametuibia."

Nina diploma ya ujenzi. Nikamwambia, kwa heshima zake zote, kosa haliko hapo.

Adui yetu sisi wa pwani ni chumvi. Huja na upepo wa bahari, ikapenya vitundu vidogo vya konkriti mpaka kwenye nondo. Chuma kikishika kutu hufura, na kikifura huipasua konkriti kwa ndani.

Sasa, simiti ikikutana na maji hutoa gundi, na pia hutoa chokaa isiyoongeza nguvu sana. Hapo ndipo taka za viwanda zinapofaa. Majivu laini ya makaa ya mawe kutoka vituo vya umeme, au slagi, yaani taka ya tanuri la chuma iliyopozwa ghafla kwa maji kisha ikasagwa, hushikana na chokaa hiyo ikazidi gundi. Vitundu hupungua, chumvi huchelewa kuingia. Si jambo geni: Marekani ilitia majivu hayo kwenye bwawa la Hungry Horse, Montana, lililokamilika 1953.

Tena si siri, soma mfuko. Baada ya CEM II au CEM IV kuna herufi. S ni slagi, V ni majivu ya makaa ya mawe, P ni pozolana, yaani mawe au majivu ya volkano, ambayo si taka ila hufanya kazi ile ile, na ndiyo tunayoiona sana Kenya. CEM IV/B yaweza kuwa na mchanganyiko huo hadi asilimia 55.

Lakini simiti hii hukomaa polepole. Mafundi wetu humwagilia slebu siku mbili tatu, kisha wanahama kazi nyingine. Ikikauka mapema, gundi ile ya pili haipatikani na vitundu hubaki wazi. Mimi husema siku 10 zisipungue, na magunia mabichi juu. Kwa mjomba walimwagilia siku tatu, kwa maji ya kisima cha chumvi, na nondo zilifunikwa kwa konkriti isiyofika sentimita 2. Simiti gani ingeokoa hapo?

Sisemi kila taka itiwe. Tunaikumbuka Owino Uhuru, ambako taka za kuyeyusha betri kuukuu ziliingiza risasi damuni mwa watoto. Taka kama hiyo haichezewi nyumbani. Hata mchanga uliobaki Kwale baada ya mgodi wa titani kufungwa mwishoni mwa 2024, asiuchukue mtu kujengea kabla haujapimwa maabara.

Slebu ya mjomba itamwagwa upya baada ya Idi. Amekubali simiti yenye P, kwa shingo upande. Mpira wa maji nimenunua mimi, na maji matamu tutaleta kwa boza.